Benchi Jeusi Kwenye Jua la Saa Saba

Kwenye karatasi ya oda ya mbao za plastiki, rangi huwa mstari wa mwisho. Mnunuzi ameshajaza urefu, unene na idadi, ameshapiga hesabu ya usafiri, na akifika hapo huandika "nyeusi" kwa sababu ndiyo iliyopo stoo na ndiyo ya bei nafuu, au huandika "kahawia" kwa sababu anataka kitu kinachofanana na mti. Sababu zote mbili zinaeleweka. Lakini chini ya jua letu, mstari huo wa mwisho ndio unaoamua kama benchi litakalika mchana, kama sakafu ya baraza itabaki imenyooka, kama nguzo itaishi miaka iliyotarajiwa, na kama plastiki ile itafaa kutumika tena itakapong'olewa. Rangi ya mbao ya plastiki ni sehemu ya uimara na usalama wake. Inastahili kuamuliwa mwanzoni, kwa kutazama mahali kitu kitakapokaa na mwili utakaokigusa. Mazoea ya kufanya kila kitu kiwe cheusi yana msingi mzuri wa kisayansi, na bado yanatugharimu palepale watu wanapokaa, wanapokanyaga na watoto wanapochezea.

Mbao hizi si jambo la majaribio tena katika Afrika Mashariki. Kampuni ya EcoPost ya Nairobi ilianza mwaka 2009 kugeuza taka za plastiki kuwa nguzo, na waliozipokea walikuwa na sababu zao: mchwa hawali plastiki, nguzo haiozi udongoni, na mwizi wa vyuma chakavu hana la kuifanyia. Marufuku ya mifuko ya plastiki, ya Kenya iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 na ya Tanzania iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, iliilenga mifuko. Madumu, ndoo, kreti, vizibo na viti vilivyovunjika vilibaki, na hivyo ndivyo malighafi hasa ya mbao. Mwaka 2018 Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na mbao za msitu zikazidi kuwa adimu. Mwaka huohuo, huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliliingiza majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa takribani tani 10 za taka za plastiki, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar, mwendo wa kilomita zipatazo 500. Kila aliyeliona analikumbuka kwa rangi zake. Rangi hizo zilitoka kwenye vipande vya kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa na kubandikwa kwenye pande za jahazi. Kwa chombo kilichokusudiwa kusimamisha watu ufukweni na kuwafanya waulize, huo ulikuwa uamuzi wa busara kabisa. Benchi la zahanati lina kazi nyingine.

Kinachoitofautisha mbao hii na mninga au msonobari ni kwamba mti unaweza kupakwa rangi baadaye, na plastiki hii haipakiki. Mbao nyingi za namna hii hutokana na polithilini nzito, plastiki ya madumu na kreti, na uso wa polithilini haushiki kitu. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake hukauka vizuri kwa macho, kisha hupasuka na kubanduka vipande vipande. Viwandani kuna njia ya kuuchoma uso kidogo kwa mwali wa moto ili ushike wino, na chupa nyingi zenye maandishi hupitia hapo, lakini hakuna fundi wa mtaani atakayefanya hivyo kwa uzio mzima. Rangi huingia wakati plastiki imeyeyuka, ikachanganyika nayo mpaka ndani, na ikishaganda hakuna marekebisho. Huo ni uzuri wake, kwa sababu mkwaruzo hauonyeshi rangi nyingine chini. Huo pia ndio ubaya wa kuamua ovyo.

Hata kiwandani uhuru wa kuchagua si mkubwa kama orodha ya bei inavyodai. Dumu la njano, kizibo chekundu, ndoo ya bluu na kreti ya kijani vikisagwa pamoja havitoi rangi ya kupendeza. Vinatoa rangi ya tope, kijivu chenye ukijani au hudhurungi isiyo na jina. Rangi iliyokwisha kuingia kwenye plastiki haitoki kwa kuoshwa. Mtengenezaji anachoweza ni kuongeza nyingine iliyokoza zaidi ili kuifunika. Kutoka nyeupe unaweza kwenda popote, kutoka njano unaweza kwenda kwenye kahawia au kijani, na kutoka kwenye mchanganyiko wa kila kitu umebaki na kahawia iliyokoza na nyeusi. Kwa hiyo mnunuzi anayetaka mbao ya rangi ya mchanga anaomba, pengine bila kujua, kwamba mtu fulani jalalani au kwenye banda la kuchambua aliketi akatenga vyeupe na vya njano mbali na vyekundu na vyeusi. Uchaguzi wa rangi huanzia kwenye mikono hiyo. Orodha ya bei ni hatua ya mwisho tu.

Sasa tuje kwenye jua, kwa sababu ndilo linalowapa nguvu watetezi wa nyeusi. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile ya urujuanimno, hukata minyororo mirefu ya molekuli ambayo ndiyo nguvu ya plastiki. Kila mtu ameona kazi yake bila kuiita kwa jina: kiti cha plastiki kilichoachwa uani mpaka rangi ikapauka, uso ukatoa unga mweupe ukiupitishia kidole, na siku moja mguu ukakatika chini ya mgeni. Dumu lililosahauliwa juani mwaka mzima huwa gumu na rahisi kupasuka kwa namna ileile. Karibu na ikweta miale hii ni mikali karibu mwaka mzima, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, jambo ambalo watu wa Nairobi, Arusha na Mbeya wanapaswa kulitia maanani kuliko wa Tanga. Baridi ya asubuhi isiwadanganye. Hali ya hewa ya ubaridi haipunguzi makali ya miale hii.

Dhidi ya adui huyu, kinga ya bei nafuu kuliko zote ni masizi. Chembe ndogo sana za kaboni, zikisambazwa sawasawa ndani ya plastiki kwa kiasi cha asilimia mbili hadi tatu tu, hunyonya miale kwenye uso na kuizuia isizame. Mabomba meusi ya maji yanatengenezwa hivyo kwa viwango vinavyojulikana duniani kote, na matangi meusi yaliyosimama juu ya paa za nyumba zetu, yakikaa juani tangu asubuhi hadi jioni mwaka baada ya mwaka, ni ushahidi usiohitaji maabara. Neno la kushika hapo ni "zikisambazwa sawasawa". Weusi unaopatikana kwa bahati, kwa kuwa tu taka zilizosagwa zilikuwa na vitu vyeusi ndani yake, hauna kinga ileile, na macho hayawezi kutofautisha. Anayenunua nguzo nyeusi ana haki ya kuuliza kama masizi yaliongezwa kwa kipimo, na muuzaji asiyejua jibu hauzi kinga, anauza rangi tu.

Kama hoja ingeishia hapo, makala hii ingekuwa fupi: kila kitu kiwe cheusi. Lakini kile kinachoilinda plastiki ndicho kinachoichemsha. Uso mweusi hunyonya zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya jua inayouangukia, na uso mweupe safi hunyonya labda robo au theluthi. Mbao nyeusi iliyolala kwenye jua la saa saba mchana, pasipo upepo, inaweza kupita nyuzijoto 60 wakati hewa iko kwenye 32. Maumivu ya ngozi huanza ngozi ikifika takribani nyuzi 43 au 44. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 13732-1, kinachohusu kuungua kwa kugusa vitu vya moto, kinaweka mpaka wa plastiki kwenye nyuzi 60 kwa mguso wa dakika moja, na nyuzi 48 kwa mguso wa dakika kumi. Ni kweli plastiki hupitisha joto polepole kuliko chuma, ndiyo maana mpaka wake wa dakika moja ni wa juu kidogo kuliko ule wa bati. Hata hivyo benchi jeusi la mchana limeufikia mpaka huo, na anayekaa hapo si mwanamume mwenye suruali nzito peke yake. Ni mtoto wa chekechea mwenye kaptura, ni bibi anayeshika ukingo ili ainuke, ni mama mwenye mtoto mgongoni aliyesubiri zamu yake tangu alfajiri. Mabenchi ya umma kwetu hutumika zaidi mchana, vituoni, shuleni na zahanati, saa zilezile ambazo rangi nyeusi ni mbaya kuliko zote. Benchi ambalo watu wanasimama kando yake mpaka saa kumi jioni limetimiza nusu tu ya kazi lililonunuliwa kuifanya.

Joto haliishii kwenye ngozi. Polithilini ikipata joto hutanuka kuliko karibu kila kitu kingine anachokifahamu fundi. Kwa wastani kila mita moja huongezeka milimita 0.15 hivi kwa kila nyuzi moja, kati ya 0.1 na 0.2 kulingana na mchanganyiko. Chukua mbao ya mita 3 iliyofungwa alfajiri kwenye nyuzi 18. Ikiwa nyeusi na ikafika nyuzi 63 mchana, itataka milimita 20 zaidi, sentimita mbili nzima. Mbao ileile ikiwa ya rangi ya mchanga na ikaishia nyuzi 45, itataka milimita 12. Chuma cha urefu huo katika safari ndefu ya nyuzi 45 kingeongezeka chini ya milimita 2, na mninga usingefika hata milimita moja kwa kufuata mwelekeo wa nyuzinyuzi zake. Fundi aliyezoea mti hupigilia mbao mwisho kwa mwisho, akakaza skrubu mpaka kichwa kikazama, akaondoka na kazi safi. Baada ya miezi michache sakafu imejikunja mawimbi, skrubu zimekatika au zimepanua matundu, na lawama zote zinaangukia plastiki. Nyingi ya lawama hizo ni za nafasi zilizosahaulika, na rangi iliyokoza iliongeza ukubwa wa kosa.

Zaidi ya hapo, plastiki hulegea ikipata joto. Polithilini kwenye nyuzi 60 ina ugumu wa kustahimili kupinda usiofika nusu ya ule ilio nao kwenye joto la kawaida la chumbani, na hata kwenye joto la kawaida ugumu huo ni kama sehemu ya kumi tu ya ule wa mti mzuri. Mbao ya plastiki ikibebeshwa mzigo kwa muda mrefu huendelea kupinda taratibu, na joto huharakisha. Kwa sababu hiyo benchi jeusi juani linahitaji mihimili ya chini iliyokaribiana zaidi kuliko benchi la rangi nyepesi lenye unene uleule. Hapo hesabu ya bei inageuka. Mnunuzi aliyeokoa fedha kwenye rangi anazirudisha kwenye chuma cha fremu, au anakuja kuzirudisha wakati benchi limeingia bonde katikati.

Kutokana na haya, mgawanyo ninaouona wa haki unategemea mguso. Vitu vinavyosimama na visivyoguswa, yaani nguzo za uzio, mihimili iliyofichwa chini ya sakafu, kingo za mitaro, vigingi vilivyozikwa na mbao za kuzuia udongo, viwe vyeusi, vyenye masizi ya kipimo, na mjadala uishe. Nguzo iliyosimama wima hailali juani kama ubao wa kukalia, udongo huishika na kuipoza, na hakuna anayeikalia. Vitu vya kukalia, kukanyagwa na kuchezewa viwe vya rangi nyepesi au ya kati: kijivu cha wastani, rangi ya mchanga, hudhurungi hafifu. Nyeupe kabisa siitetei. Huumiza macho kwenye jua kali, huonyesha kila alama ya kiatu, na huhitaji plastiki safi isiyo na rangi pamoja na titani dioksidi nyingi, poda nyeupe ya gharama kubwa. Hata poda hiyo ina aina mbili, na moja yake, ikikosa matibabu ya kiwandani, husaidia jua kuila plastiki badala ya kuilinda. Rangi ya kati hupata sehemu kubwa ya nafuu ya joto bila kudai usafi huo wote.

Uchaguzi kati ya rangi zenyewe hautegemei jicho tu, kwa sababu rangi hazilingani kwa ustahimilivu. Nyekundu na njano ang'avu zinazotokana na kemikali za kaboni ndizo huchoka mapema. Nyekundu ya namna hiyo hugeuka waridi na kisha haina jina. Bluu na kijani za aina inayoitwa fthalosiyanini ni imara sana, na ndiyo sababu moja ya bluu kudumu pale nyekundu iliposhindwa. Lakini kwa matumizi yetu hakuna rangi ninayoiamini kuliko zile za oksidi za chuma, nyekundu ya udongo na hudhurungi, ambazo kwa asili yake ni kutu na kutu haina tena cha kuogopa kutoka kwa hewa. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilichorwa sehemu kubwa kwa nyekundu ya jamii hiyo, na ingawa vibanda vya mwamba viliikinga dhidi ya mvua, hakuna rangi ya kiwandani yenye ushahidi wa umri wa kulinganishwa nayo. Njano ya oksidi ya chuma ni habari tofauti. Ndani yake kuna maji yaliyofungwa, na ikifikia takribani nyuzi 180, joto ambalo plastiki huyeyushiwa, huanza kuyapoteza na kuelekea wekundu. Mtengenezaji anayejua kazi yake hutafuta aina iliyokingwa. Asiyejua hushangaa kwa nini oda ya mbao za njano imetoka na rangi ya matofali.

Kuhusu kahawia inayoiga mti nina shaka, na shaka yangu si ya urembo. Kahawia iliyokoza hunyonya joto karibu sawa na nyeusi, lakini ikiwa haina masizi ya kutosha haina kinga yake. Mnunuzi amepata ubaya wa rangi mbili na wema wa nusu ya moja. Kuna pia mbao za mchanganyiko zenye unga wa mti ndani yake, ambazo sokoni huwekwa pamoja na za plastiki tupu na huitwa kwa jina moja. Hizo hupauka kwa kuonekana katika miezi ya mwanzo, kwa sababu unga wa mti wenyewe hubadilika juani, kisha hutulia. Anayezichagua achague kwa kutazama kipande kilichokaa nje mwaka mmoja. Kipande kipya cha dukani hakimwambii lolote kuhusu rangi atakayoishi nayo.

Lipo jambo jingine kuhusu rangi ang'avu ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kwa miaka mingi njano, machungwa na nyekundu za kreti na vyombo vya plastiki duniani zilitiwa kwa misombo ya risasi na kadimiamu, metali zenye sumu, kwa sababu zilistahimili joto la kiwandani na jua. Umoja wa Ulaya, ulipoweka mipaka mikali kwa metali hizo katika vifungashio, ulilazimika mwaka 1999 kutoa ruhusa maalumu ili kreti kuukuu zisagwe na kuwa kreti nyingine tu, ndani ya mzunguko unaodhibitiwa, zisije zikatawanyika katika bidhaa nyingine. Plastiki ngumu huishi muda mrefu, na kreti ya zamani inaweza kufika kwenye mashine ya kusaga leo. Metali hizo zikiwa ndani ya plastiki nzima hazitoki kwa urahisi. Zinapata njia uso ukichakaa, ukatoa unga, au mbao ikikatwa kwa msumeno. Kwa uzio wa shamba hili ni jambo dogo. Kwa bembea za shule, au kwa kingo za matuta ya mboga, anayetaka njano na nyekundu adai kujua zimetoka kwenye plastiki ipi. Asipopata jibu, kijivu cha plastiki ya madumu ya mafuta ya kula kinatosha kabisa, na watoto watapata rangi zao kwenye ukuta wa darasa, mahali panapopakika upya.

Wapo watakaosema kwamba dawa za kukinga jua zipo kwa rangi yoyote, kwa hiyo hofu ya rangi nyepesi imepitwa na wakati. Hoja hii ina uzito. Viwanda vya plastiki vina vidhibiti vinavyokamata uharibifu wa miale kabla haujaenea, na mbao ya rangi ya mchanga iliyotiwa vidhibiti hivyo inaweza kudumu miaka mingi hata kwetu. Ndiyo sababu ninathubutu kuitetea. Lakini vidhibiti havionekani, huongeza bei, na huisha taratibu kadiri vinavyofanya kazi, wakati masizi hubaki palepale. Mnunuzi wa rangi nyepesi kwa hiyo anunue pamoja na dhamana ya maandishi inayotaja miaka na kutaja kupauka na kupasuka kila kimoja peke yake, kwa sababu muuzaji hodari atakulipa kwa kupasuka na akuambie kupauka ni kawaida. Bila dhamana hiyo ni afadhali kununua nyeusi na kuiwekea kivuli.

Kivuli ndilo pingamizi la pili, na ndilo ninalolipenda zaidi. Kwa nini tusipande mwarobaini au mwembe juu ya benchi, tukaachana na hesabu hizi? Penye kivuli cha kweli, kivuli cha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hesabu inabadilika kweli: nyeusi haichemki, miale inapungua, na rangi inarudi kuwa suala la mapenzi ya mtu. Anayeweza kupanda apande. Lakini mti unahitaji miaka, paa la kituo linahitaji bajeti nyingine, na gati, daraja la waenda kwa miguu na ufukwe havina kivuli wala havitakuwa nacho. Benchi hununuliwa kwa ajili ya jua lililopo siku linapofungwa.

Wengine watalalamikia uchafu. Vumbi jekundu la Dodoma au la Thika halihurumii rangi nyepesi, na matope ya masika hayana adabu. Ni kweli kwa nyeupe, na si kweli sana kwa rangi za kati zinazokaribia rangi ya udongo. Hudhurungi hafifu huficha vumbi jekundu kuliko nyeusi, ambayo kila chembe ya vumbi huonekana juu yake. Pwani, kinachosumbua ni ukungu na chumvi, na hapo kijivu hushinda. Plastiki hainywi maji, kwa hiyo ndoo moja ya maji ya sabuni na brashi huondoa kile ambacho mti ungekishika milele. Mahali ambapo macho dhaifu yanahitaji msaada, kama ukingo wa ngazi au mwisho wa gati, mbao moja ya rangi inayotofautiana sana na zilizobaki ina thamani kuliko usafi wa mpangilio. Hapo ndipo ningeweka ile njano ang'avu, yenye asili inayojulikana, na nikubali kuibadilisha ikipauka.

Pingamizi zito zaidi ni la bei, kwa sababu linawahusu wanaochambua taka. Kupata plastiki nyepesi kunahitaji kutenganisha kwa rangi, na kutenganisha ni kazi ya mikono na muda. Ulaya, ambako mashine hutambua aina ya plastiki kwa mwanga usioonekana, vitu vyenye masizi vilileta shida ya pekee: masizi hunyonya mwanga huo na mashine haioni kitu, hivyo plastiki nyeusi nzuri ikawa inapita moja kwa moja kuelekea jalalani. Kwetu jicho na mkono ndiyo mashine, kwenye majalala ya Dandora na Pugu na kwenye mabanda ya madalali kila mji, na jicho halipofushwi na masizi. Tuna uwezo ambao wengine waliununua kwa fedha nyingi. Tatizo ni kwamba bei nyingi za kununulia hupangwa kwa kilo ya "plastiki ngumu", rangi zote pamoja, kwa hiyo mchambuzi hana sababu ya kutenga nyeupe na nyekundu. Mnunuzi wa mbao anayeagiza rangi ya mchanga na kukubali kulipa tofauti anaunda sababu hiyo, mradi kiwanda kipeleke tofauti hiyo mpaka chini, kwa mtu anayeinama. Isipofika huko, bei ya juu ya rangi nyepesi haina utetezi, nami sitaitetea.

Faida nyingine ya kutenganisha itaonekana baada ya miaka 20 au 30, mabenchi ya leo yatakapong'olewa. Mbao nyeusi ikisagwa itakuwa nyeusi tena, na kila kitu kitakachochanganywa nayo kitakuwa cheusi. Mbao ya rangi ya mchanga inaweza kuwa ya mchanga tena, au kahawia, au kijani, au mwishowe nyeusi. Anayetia masizi mahali ambapo hayahitajiki anafunga milango ambayo mrithi wake angeweza kuipitia. Kwa nguzo ni haki kuifunga, kwa maana kinga inalipa gharama hiyo. Kwa ubao wa kukalia hatupati chochote badala yake isipokuwa joto.

Yote haya yanaweza kuingia kwenye mstari mmoja wa zabuni, na zabuni ndipo mahali pa kuanzia, kwa sababu halmashauri, shule na hoteli ndizo zinazonunua kwa wingi na viwanda hufuata oda kubwa. Badala ya kuandika "mbao za plastiki, rangi yoyote", mwandishi wa zabuni aandike fremu na miguu nyeusi yenye masizi ya asilimia mbili au zaidi yaliyosambazwa, viti na sakafu za kijivu cha wastani au rangi ya mchanga zenye vidhibiti vya jua na dhamana ya maandishi, matundu ya skrubu marefu yanayoruhusu kutanuka, na mwachano kati ya ncha za mbao uliokokotolewa kwa joto la mchana la eneo husika. Fundi naye apewe karatasi ile. Akifunga mbao asubuhi ya baridi aache nafasi yote. Akifunga saa nane mchana, mbao zikiwa zimeshatanuka, aache kidogo tu, la sivyo alfajiri atakuta mianya inayomeza kisigino.